Siku Kumi na Moja Bila Kukojoa

Ninyi mnaosoma haya, wa Bugarama, wa Muganza na wa mbali zaidi, nawasalimu. Naitwa Furaha. Nina miaka ishirini na miwili na figo mbili, zote zinafanya kazi. Najua watu hawajitambulishi kwa figo. Mimi naanza nazo kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi na sita zilisimama kazi siku kumi na moja, na sababu yake haikuwa malaria wala sumu ya jirani. Sababu yake ilikuwa mazoezi.

Tuliishi Muganza, karibu na barabara ya malori. Papa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha simenti, na mpaka leo yuko huko. Maman analima mpunga Bugarama. Wote wawili walizaliwa Congo, upande wa Uvira, wakarudi Rwanda, nchi ya babu zao, mimi nikiwa bado mgongoni. Ndiyo maana nyumbani tunasema Kiswahili chetu hiki ambacho walimu wangu walikuwa wakikicheka. Kule Uvira, Papa alikuwa mkimbiaji. Alipenda kutuhadithia mbio zake zote, na katika zote alitoka wa pili. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo. Sisi watoto tuliliona.

Nikiwa na miaka kumi na miwili nilishinda mbio za shule bila viatu. Siku hiyohiyo Papa alinunua kaye, daftari la shule, akaandika jina langu juu yake. Kuanzia hapo kila zoezi liliingia humo: tarehe, njia, mizunguko, dakika. Kiwandani kwao kila kitu kinaandikwa, mashine imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imepata moto kiasi gani. Papa alijua njia moja tu ya kuangalia kitu kisiharibike, nayo ni hiyo. Akaitumia kwangu.

Sasa lazima mwelewe habari ya shifti, kwa sababu ndizo zilizopanga maisha yangu. Kiwanda hakilali. Wiki Papa akiingia asubuhi, tulikimbia jioni. Wiki akiingia usiku, alirudi na vumbi kwenye nyusi, tukakimbia mapema kabla hajalala. Hizo zilikuwa wiki nzuri. Lakini wiki ya tatu aliingia saa nane mchana. Asubuhi alimsaidia Maman kwenye mpunga, kisha akanichukua mimi saa tano. Anayejua Bugarama anajua saa tano ni nini. Hata mbuzi wanatafuta kivuli. Sisi tulikuwa barabarani, mimi kwa miguu, yeye kwa baiskeli na firimbi mdomoni.

Papa alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, hakuna maji mpaka zoezi liishe. "Maji inalegeza misuli," alisema. "Mukimbiaji mwenye tumbo ya maji iko sawa na bidoni." Ya pili, kidonge cha maumivu kimoja kabla ya zoezi gumu na kingine baada yake. Ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Huku kwetu kuna chemchemi ya maji ya moto, Amashyuza. Watu wanatoka mbali na magoti yao na migongo yao, wanakaa ndani, wanarudi wakitembea vizuri. Papa akajiambia: ikiwa maji haya yanaponya mguu wa mzee, mguu wa mtoto yataufanya chuma. Kwa hiyo baada ya kila zoezi gumu alinipakia kwenye baiskeli, jasho likinitiririka, akanikalisha humo mpaka kiunoni, dakika ishirini kwa saa ya simu yake. Hakuna mtu aliyeona kosa hapo. Majirani walimsifu. Maman alimsifu. Mimi nilijiona nimebahatika, wasichana wengine baba zao hawakujua hata wanakimbia saa ngapi.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na sita, shule moja ya bweni ya michezo, kule Kigali, ilitangaza kwamba itachukua msichana mmoja kutoka wilaya yetu. Tulikuwa wawili wa kutajika: mimi na Solange, rafiki yangu wa Gikundamvura. Mwezi ule Solange alikuwa amenishinda mara mbili. Papa aliandika dakika za Solange kwenye kaye yangu, kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya majaribio ya kumchagua mmoja wetu.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya shifti ya saa nane. Nilikuwa na mafua. Papa alinipeleka kwenye mpando wa barabara ya Gikundamvura, akanipangia kupanda na kushuka mara kumi, kushuka kwa kasi zaidi kuliko kupanda. Mara ya sita mapaja yalianza kuwaka. Jasho lilikuwa limeacha kutoka.

"Papa, miguu inawaka."

"Inawaka kwa sababu inajengeka. Solange hapumzikake, Furaha. Endelea."

Nikaendelea. Mara ya nane niliona mawe ya barabarani yanacheza. Mara ya kumi Papa alibonyeza simu yake, akaangalia, akarusha baiskeli chini akanibeba juu. "Umeona? Umeona sasa?" Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Na niseme ukweli, nilifurahi sana. Watu wakisikia ushuhuda huu wanataka niseme nililazimishwa. Nililazimishwa, ndiyo, na nilifurahi. Vyote viwili.

Kisha Amashyuza. Dakika ishirini. Nilipotaka kusimama, mapaja hayakunisikia. Papa alicheka, akasema ni uchovu mzuri, akanitoa kwa kunishika kwapani. Akanipa kidonge cha pili na chupa ya maji. Niliyatapika yale maji palepale.

Jioni ile miguu ilivimba. Mapaja yakawa magumu kama ubao, ukiyagusa nalia. Nilikwenda chooni nikiegemea ukuta, nikakojoa kwenye ndoo kwa sababu sikuweza kuchuchumaa. Mkojo ulikuwa rangi ya Coca. Sikusema kitu. Nilidhani ni hedhi inakuja vibaya. Asubuhi ulikuwa mweusi zaidi na kidogo zaidi, na Maman akaiona ndoo kabla sijaimwaga.

"Furaha! Hii ni nini? Tangu lini?"

"Jana."

Maman akakaa chini. Kisha akapata jibu, na jibu lake lilikuwa jibu la mtu yeyote anayeishi kati ya mashamba ya mpunga. "Ni bilharzia. Nilikuambia usiingie kwa maji ya mupunga bila kuvaa bote ya mupira. Nilikuambia, si nilikuambia?"

Nilikuwa nimemsaidia kupandikiza wiki iliyopita, miguu wazi. Kwa hiyo na mimi nikaamini kwamba ni kichocho. Papa akaamini kwa moyo wote, maana bilharzia haikuwa kosa la mazoezi. Jirani mmoja alikuwa na vidonge vya bilharzia alivyobakiza. Nikavimeza, vikubwa, vichungu. Papa akaongeza cha maumivu, akasema, "Jumatatu tutakimbia kidogo tu, ya kulegeza." Vidonge vya bilharzia havikuniua. Vilitupotezea siku mbili, na siku mbili zile ndizo zilizokaribia kuniua.

Jumapili nilikuwa natapika hata mate. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari. Mkojo ulikuwa umekatika. Maman hakwenda kusali. Alinibeba mgongoni, msichana wa miaka kumi na sita, mpaka kituo cha afya, na Papa nyuma akivuta baiskeli ambayo hakuna aliyekuwa akiipanda.

Muuguzi pale alikuwa mama mnene asiyecheka. Alinipima malaria, hakuna. Maman akamweleza bilharzia yake. Yule mama akaniangalia mapaja, akayabonyeza kwa kidole, nikapiga kelele.

"Maman, bilharzia ya huku kwetu iko ya tumbo. Inatokaka kwa choo, haitokake kwa mukojo. Huyu mutoto amekojoa lini mara ya mwisho?"

"Jana asubuhi."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Nusu ya kikombe."

Alichukua simu akaita ambulansi, na alipokuwa akingojea wapokee aliniwekea serumu, dripu ya maji, kwa mkono mwingine. Sijui alifanyaje. Mpaka leo nikipita pale namsalimia, na mpaka leo hacheki.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mtu wa Kigali, Kiswahili chake cha kujikaza. Alichukua damu, akapotea, akarudi anatembea haraka. Hakuja kwangu. Alikwenda kusimama mbele ya Papa.

"Nani amempiga mtoto huyu?"

Papa akarudi nyuma hatua moja.

"Misuli yake imekufa," daktari akasema. "Nimeona hivi kwa watu waliopigwa fimbo usiku kucha. Nauliza tena. Nani?"

Nikasema mimi, kutoka kitandani, "Nilianguka."

Nawaambia kwa nini nilisema vile. Sikuwa namwogopa Papa. Nilikuwa nahesabu siku. Majaribio yalikuwa yamebaki siku tisa, na nilijua daktari akisikia neno mazoezi atanikataza kukimbia. Nilikuwa nakufa, na nilikuwa nalinda nafasi yangu dhidi ya Solange. Mtu anayeniambia mtoto anajua mwenyewe akichoka, namwambia hiyo habari.

Daktari akaja kwangu sasa. "Sikiliza, dada. Ukinidanganya nitakutibu ugonjwa usio wako. Figo zako zimesimama. Kuna chumvi moja kwenye damu yako imepanda, inaweza kusimamisha na moyo. Leo, si kesho. Umekunywa dawa gani? Umefanya nini?"

"Nilianguka," nikasema tena.

Maman alimwangalia Papa. Papa akaingiza mkono ndani ya koti lake la kiwandani, akatoa kaye. Alitembea nayo kila mahali, hata kazini. Akaifungua ukurasa wa Alhamisi, akampa daktari kwa mikono miwili.

"Hakuna muntu amemupiga," akasema. "Ni mimi. Nilimukimbiza. Soma, Docteur. Yote iko mule."

Daktari akasoma akiwa amesimama. Saa tano na nusu. Mpando, mara kumi. Dakika za kila mara, moja moja. Kidonge, kidonge. Maji ya moto, dakika ishirini. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, wiki zile za saa nane, akasoma na hizo. Kisha akauliza, bila hasira, "Na maji ya kunywa? Umeyaandika wapi?"

"Haiko," Papa akasema.

Daktari alitueleza palepale, taratibu. Misuli ikikimbizwa kupita kiasi kwenye joto inapasuka na kuyeyuka, uchafu wake unaingia kwenye damu, figo zinajaribu kuuchuja na zinaziba. Mwili bila maji hauna cha kusukuma uchafu ule. Kidonge cha maumivu kinazibana figo zaidi. Na mwili uliotoka kuchemka juani, kuuweka kwenye maji ya moto ni kuuchemsha mara ya pili. "Maji yale si mabaya," akamwambia Papa. "Mzee mwenye goti ameingia baridi. Mtoto wako aliingia akiwa anawaka." Kisha akarudisha kaye. "Nimejua ninachokitibu. Twende."

Nilipelekwa hospitali kubwa kwa ambulansi, kupitia msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, na Maman akinishikilia ndoo. Kule waliniingiza mpira shingoni, unene wa kalamu, wakaniunga na mashine ya kusafisha damu. Haiumi kama mnavyofikiri. Unasikia baridi, baridi ya ndani ya mifupa, na ulimi unaonja chuma. Unakaa saa nne ukiangalia damu yako inatoka nje, inazunguka, inarudi. Nilifanyiwa mara sita. Nilikuwa na kiu ya ajabu, na sasa nilikatazwa maji na watu waliojua sababu. Waliniruhusu vikombe viwili vidogo kwa siku. Miguu ilikuwa mikubwa, ngozi inang'aa. Nilivaa nepi. Nilikuwa msichana wa pili kwa kasi katika wilaya nzima, au wa kwanza, na nilikuwa nimevaa nepi.

Siku ya majaribio nilikuwa kwenye mashine. Simu ya Papa iliita, mtu wa ile shule akiuliza tuko wapi, wasichana wamepangwa tayari. Papa alisema, "Haji." Akakata. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akalia mbele yangu, mtu mzima.

"Nisamehe, mutoto wangu. Nilitaka ushinde. Nilitaka ushinde wewe."

Sikumhurumia hata kidogo siku ile. Nilikuwa nalia mimi mwenyewe, na sikuwa nalilia figo. Nilikuwa nalilia Solange aliyekuwa akikimbia peke yake bila mtu wa kumshinda. Alichaguliwa, bila shaka. Alinipigia simu jioni akilia naye, tukalia wote kwenye simu mpaka salio lake likaisha.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, nilisikia kitu kinanibana chini ya tumbo. Nilikuwa nimekisahau, ilibidi nifikirie ni nini. Maman akaleta chombo. Nilikojoa kidogo sana, vijiko labda vitatu, rangi ya chai. Maman alikichukua chombo kile akazunguka nacho wodi nzima, kitanda kwa kitanda. "Mungu mukubwa! Muangalie! Muangalie, iko inakojoa!" Wagonjwa walipiga makofi. Muuguzi alimkimbiza arudishe, wapime. Siku iliyofuata nikajaza kikombe, na baada ya hapo nilikojoa bila kusimama, usiku na mchana, mpaka Maman mwenyewe akachoka kushangilia.

Nilirudi Muganza miguu imekuwa mabua. Misuli iliyokufa haikurudi yote, paja la kushoto mpaka leo ni jembamba kuliko la kulia. Nilitembea na fimbo miezi mitatu. Daktari aliamuru ninywe maji kwa vipimo kila siku, na nirudi kupimwa damu kila mwezi. Jioni ya kwanza nyumbani, Papa aliweka kaye mezani mbele yangu.

"Niichome?" akauliza.

Nilifikiria kidogo. Ilikuwa kaye iliyoniangusha na kaye iliyoniokoa, yote ni mwandiko wake uleule. "Apana," nikamwambia. "Andika maji."

Akaandika maji. Mwaka mzima, kila kikombe, na saa yake. Siku moja katikati ya mwaka ule, sijui ni ipi, niligundua nimeshamsamehe. Hakuna kilichotokea siku hiyo, alikuwa ananiuliza tu kama hiki ni kikombe cha sita au cha saba.

Leo nakimbia tena, polepole, asubuhi. Wanawake wanaokwenda shambani wananipita na majembe yao wakinitania, "Kocha, tukubebe?" Nafundisha watoto ishirini na kitu, Jumamosi, jua likichomoza, na saa mbili tumemaliza. Papa anakuja akiwa amebadilisha shifti na mwenzake. Kazi yake ni bidoni, yale madumu ya maji. Hana firimbi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule muuguzi asiyecheka, na yule daktari aliyethubutu kumuuliza Papa swali la aibu mbele ya mkewe. Namshukuru Maman kwa mgongo wake. Na Papa namshukuru kwa sababu angeweza kuiacha kaye ile ndani ya koti, hakuna ambaye angejua, na mimi ningezikwa kama mtoto aliyeanguka.

Wazazi, makocha: mtoto anywe kabla, katikati na baada. Akiwa mgonjwa, alale. Saa tano ya Bugarama waachieni mijusi. Mwacheni apoe kwanza, maji ya moto yatamsubiri. Msimpe kidonge ili akimbie, maumivu yale yanamwambia kitu. Na muulizeni mkojo wake una rangi gani. Mtoto ataona haya, atacheka, muulizeni tu. Ukiwa rangi ya Coca, msikae mkijadiliana na majirani. Nendeni, na mkifika semeni yote.

Jumamosi iliyopita kuna mtoto mmoja, Aline, ana miaka kumi, ana mbio kuliko nilivyokuwa mimi. Mzunguko wa tatu aliacha mstari, akatembea mpaka kwangu. Mama yake alikuwa pembeni akipiga kelele, "Kimbia! Benzako banakupita!"

"Kocha," Aline akasema, "leo siwezi."

Hakuwa anatetemeka. Hakuwa ameangalia kwa mama yake kwanza. Alisema tu, kama mtu anayesema saa ni ngapi. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye majani, Papa akamletea kikombe, akanywa, akaanza kuchezea kamba za viatu vyake huku wenzake wakipita. Nami nikabaki nimesimama pale namwangalia, na nilimwonea wivu kabisa.